Kesi ya Barafu

Wazee kumi na wawili waliapa mbele ya picha ya mtakatifu,
wakakaa juu ya magogo nje ya kanisa,
theluji ikiyeyuka na kudondoka toka paani
juu ya kofia zao za sufu.
Swali lilikuwa moja: nani kawaua?

Jansug alikuwa na miaka ishirini.
Nazibrola kumi na tisa, na pengo mbele
ambalo hakulificha akicheka.
Waliopolewa siku ya nne, chini kwenye kinu,
mshipi wake umefungwa kwenye kiwiko chake,
na lugha yetu, isiyotenganisha yeye na yeye,
siku ile ilisema kweli tupu.

Baba yake Jansug alisema: ni jiwe.
Jiwe la mpaka lililosogezwa usiku, hatua tatu,
babu zetu wakiwa hawajaota ndevu.
Hatua tatu. Majani ya kushibisha ng'ombe mmoja.
Baba yake Nazibrola alisema: aliyelisogeza ana jina.
Wakakunjana mashati mbele ya majeneza.

Okropir mhunzi alilia kabla hajaulizwa,
maana pete aliifua yeye, kwa msumari wa kwato,
akajua kidole ni cha nani,
akapokea jibini yake, akanyamaza.

Bimurza, kaka yake Nazibrola, miaka kumi na mitano,
alikuwa amelinda daraja wiki nzima
na bunduki ya marehemu mjomba iliyomzidi kimo.
"Nisingepiga," alisema. "Haikuwa na risasi."
Kimya kilichofuata nakisikia hadi leo.
Wangeweza kupita darajani.

Wengine walisema mto. Wengine, mwezi wa Machi,
barafu ngumu juu, uji chini.
Padri alisema Mungu, kwa sauti ndogo,
kama mtu anayemtaja mdaiwa asiyelipa.
Mwishowe wakakata shauri:
ng'ombe sita toka huku, ng'ombe sita toka kule.
Wakabadilishana ng'ombe, hesabu ikatoka sifuri,
jiwe likabaki lilipo.

Mimi sikuitwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Minara yetu ina madirisha membamba yanayotazama mto,
yalijengwa hivyo kwa ajili ya adui.
Jioni ile nilihesabu taa kumi na saba.
Niliwaona wakishuka ukingoni, mkono kwa mkono,
wakipima barafu kwa fimbo kama vipofu wawili.
Halafu taa zikazimwa, moja, moja,
si kwa usingizi.
Ukiwa gizani, nje huonekana vizuri zaidi.

Ukipiga kelele, tulifunzwa, theluji ya mlimani hushuka,
hufukia mwenye hatia na asiye nayo.
Ndiyo maana, walisema baadaye, hakuna aliyeita.
Lakini mwezi uleule, harusini kwa binti wa mwenye kinu,
tulipiga bunduki thelathini hewani,
tukaimba hadi alfajiri,
na mlima haukujikuna.

Kuita ni kuchagua upande. Hilo tu.

Mimi nilifungua kinywa.
Mkono wa mama ukanifunika kwa nyuma,
mkono wenye harufu ya kitunguu saumu na maziwa,
wala si kwa nguvu.
Nikasikia ufa. Sauti ndogo,
kama mtu anavunja ukuni kwa goti.

Watu huipenda kesi hii. Wageni wapandao mlima hutuuliza,
nasi tunawapa jiwe, tunawapa baba wawili,
tunawapa bunduki isiyo na risasi,
wanaondoka wameshiba.

Mama alikufa majira ya baridi yaliyopita.
Nilimwosha mwenyewe. Nilipofika mkono wa kulia
niliugeuza kwenye mwanga wa dirisha lile,
nikatafuta, kwa muda mrefu, chini ya kidole gumba,
alama ya meno yangu.

Mkono ulikuwa laini.